UZI: Sam Houston, wakili wa mipakani aliyekuwa gavana wa majimbo mawili na rais wa nchi, akafa bila cheo

Msomi wa Kijiweni

Wakuu, habari za wakati huu.

Mkisikia Houston wengi mnafikiria mafuta, mpira wa kikapu, au wale wanaanga waliokuwa wakiita "Houston" kutoka mwezini. Mji ule umepewa jina la mtu, na maisha ya mtu huyo mtunzi wa riwaya akiyaandika, mhariri atamrudishia mswada amwambie apunguze chumvi.

Wanaomwandika huanza na vita vya San Jacinto, vya Texas dhidi ya Mexico. Nitavifikia, ila msimamo wangu nauweka mezani mapema: vita vile vya dakika 18 vilimpa jina, lakini ukubwa wa Sam Houston uko kwenye kura moja ya mwaka 1854 na kiapo kimoja alichokikataa mwaka 1861. Vyote viwili vilimpotezea kazi. Mwenye hoja tofauti ajiandae, uwanja upo.

Alizaliwa 2 Machi 1793, kaunti ya Rockbridge, Virginia. Baba yake, afisa wa mgambo, alifariki Sam akiwa bado mvulana, akaacha mjane, watoto tisa na madeni. Mama, Elizabeth Paxton, akapakia familia kwenye magari ya farasi na kuvuka milima hadi Maryville, mashariki mwa Tennessee, mahali ambapo makazi ya walowezi yalikuwa yanaishia na ardhi ya Wacherokee, kabila la wenyeji asilia (Waindiani), inaanzia.

Kaka zake wakampa kazi dukani. Hakuiweza. Akiwa na miaka 16 akatoroka kwenda kuishi na Wacherokee katika kisiwa cha Hiwassee, kwa chifu Oolooteka, ambaye Wazungu walimwita John Jolly. Chifu akamfanya mwanawe, akampa jina Colonneh, yaani Kunguru. Kaka zake walipomfuata wamrudishe, akawajibu kwamba anapenda kupima nyayo za kulungu kuliko kupima vitambaa. Alikaa huko karibu miaka mitatu, lugha akaishika barabara.

Kilichomrudisha ni deni, maana kila alipokuja mjini alikopa zawadi za kuwapelekea wenyeji wake. Ili alipe, mwaka 1812 akafungua shule. Msicheke. Kijana wa miaka 19, shule mwenyewe ameikanyaga kidogo tu, leo ni mwalimu. Ada dola 8: theluthi fedha taslimu, theluthi mahindi, theluthi kitambaa cha pamba. Wanafunzi wakajaa, deni likalipwa.

Mwaka 1813 akajiunga na jeshi. Tarehe 27 Machi 1814, pale Horseshoe Bend, Alabama, chini ya Jenerali Andrew Jackson, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuruka boma la Wacreek, kabila jingine la Waindiani. Mshale wenye meno ukamwingia karibu na kinena. Akamwamuru luteni auchomoe. Luteni akavuta, ukagoma. Houston akainua upanga: vuta tena, usipoutoa nakukata. Ukatoka na nyama zake. Jackson akamwamuru apumzike, lakini jioni alipoomba watu wa kujitolea kushambulia ngome ya mwisho, Houston akajikokota akaenda, akala risasi mbili bega la kulia. Usiku ule madaktari hawakujisumbua naye sana, waliamini hafiki asubuhi. Alifika, na jeraha la mshale akaenda nalo kaburini miaka 49 baadaye.

Hapo ndipo Jackson alipompenda, na Jackson ndiye aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Shikeni hilo.

Nashusha sehemu ya pili muda si mrefu.

Chapati Maji

Nimetandika mkeka kabisa. Shusha mkuu.

Wakili_Dodoma

Mleta uzi, kichwa kinasema wakili ila mpaka sasa naona mshale, mahindi na kunguru. Uwakili uko wapi?

Msomi wa Kijiweni

Wakili msomi, mteja wako ndiyo kwanza anapanda kizimbani.

Baada ya vita serikali ilimtuma kama wakala mdogo kwa Wacherokee, na kazi yenyewe ilikuwa chungu: kuwashawishi watu wa Oolooteka, baba yake mlezi, wahamie Arkansas. Akawapeleka wajumbe wao Washington, naye akaingia ofisini kwa waziri wa vita, John C. Calhoun, amevaa Kicherokee. Calhoun akamkemea kwa mavazi yale mbele ya serikali. Houston hakusahau fedheha ile. Machi 1818 akaacha jeshi.

Akaenda Nashville, ofisini kwa wakili James Trimble. Kwenye majimbo yale ya magharibi hakukuwa na utaratibu wa kwenda kukaa chuo cha sheria. Unaomba nafasi kwa wakili, unamnakilia hati kwa mkono, unasoma vitabu vyake, hasa vile vya Blackstone vya sheria ya Uingereza. Ukijiona umeiva unaenda mbele ya majaji, wanakuhoji kwa mdomo, wakiridhika unapewa leseni. Trimble alimpangia miezi 18. Houston akamaliza kwa sita, akafaulu.

Akafungua ofisi Lebanon, mji mdogo mashariki mwa Nashville. Mfanyabiashara wa pale, Isaac Golladay, akamkodishia chumba kwa dola 1 kwa mwezi na kumkopesha nguo za kuvaa mahakamani. Uwakili wa mipakani ulikuwa wa juu ya farasi. Jaji na mawakili walizunguka pamoja kaunti hadi kaunti. Mchana wanatoana jasho mahakamani, usiku wanalala nyumba moja ya wageni, mara nyingi wawili kitanda kimoja. Kesi zenyewe ni mipaka ya mashamba, hati za ardhi zinazogongana, madeni, mifugo iliyopotea, watu waliovunjana pua kilabuni. Baraza la wazee wa mahakama ni wakulima watupu. Siku ya mahakama kaunti nzima inakuja kusikiliza, maana burudani nyingine hakuna. Wakili anayejua kusimama na kusema anajulikana na kila mpiga kura bila kubandika tangazo hata moja. Ndiyo maana Jackson, Houston, Lincoln, wote walipita mlango huo.

Haikuchukua muda akawa mwendesha mashtaka wa wilaya ya Nashville. Kazi nyingi, malipo haba, akaiacha na kurudi kwa wateja wake. 1821 meja jenerali wa mgambo wa jimbo. 1823 mbunge Washington. 1827 gavana wa Tennessee. Kutoka chumba cha dola moja hadi ugavana haikufika miaka kumi.

Katikati hapo, 1826, akapigana kwa bastola na Jenerali William White kwenye ardhi ya Kentucky, akamjeruhi, na Kentucky wakamfungulia mashtaka ambayo hakuwahi kuyajibu mahakamani. Mwanasheria huyo na mbunge.

Wakili_Dodoma

Miezi sita! Sisi tumekaa chuo miaka minne, ukaja mwaka wa mafunzo ya vitendo, na bado mitihani ikarudiwa. Naomba mnionyeshe njia ya kwenda 1818.

binti_Pangani

Wanaume na vita vyenu. Mke yuko wapi kwenye hadithi hii?

Msomi wa Kijiweni

Dada, ulichouliza ndicho kilichomwangusha.

Tarehe 22 Januari 1829 gavana Houston, miaka 35, alimwoa Eliza Allen, miaka 19, binti wa familia kubwa ya Gallatin. Ndoa haikumaliza majuma kumi na mawili. Aprili Eliza akarudi kwao. Tarehe 16 Aprili Houston akaandika barua ya kujiuzulu ugavana, akapanda boti ya mvuke kuelekea magharibi.

Kwa nini? Hakusema. Marafiki walimbembeleza, maadui wakamtukana kwenye magazeti, ndugu za mke wakachapisha taarifa yao, yeye kimya mpaka kufa. Eliza aliolewa tena miaka ya baadaye, naye akafunga mdomo. Waandishi wa maisha yake wameandika nadharia za kila aina, kwamba bibi arusi alimpenda mwingine, kwamba jeraha la kinena lilimtisha, kwamba bwana alikuwa na wivu uliopitiliza. Zote ni kubahatisha.

Unajua alikokwenda? Kwa Oolooteka, ng'ambo ya mto Mississippi, upande aliowahamishia mwenyewe. Oktoba 1829 Wacherokee wakampa uraia wao rasmi. Akafungua duka karibu na Fort Gibson, akaishi na mwanamke wa Kicherokee, Diana Rogers, kwa mila za kwao. Na akanywa. Akanywa mpaka Waindiani wa pale wakamwita Mlevi Mkubwa. Mtu ambaye Tennessee walimtaja kama rais mtarajiwa wa Marekani alikuwa anaokotwa njiani.

Chapati Maji

Ama kweli mapenzi hayana gavana 😂

binti_Pangani

Huyo Eliza namheshimu. Gavana mzima, na akakusanya nguo zake. Miaka 1829!

Msomi wa Kijiweni

Sasa kesi, wakili msomi, hii ni yako.

Houston hata kwenye ulevi ule alikuwa akiwaandikia Wacherokee malalamiko na kwenda nao Washington kuwasema mawakala waliokula posho zao. Akajitengenezea maadui. Machi 1832 mbunge wa Ohio, William Stanbery, akitaka hasa kumpiga Rais Jackson, akadokeza bungeni kwamba kulikuwa na udanganyifu kwenye zabuni ya chakula cha Waindiani na Houston ndani yake. Hotuba ikachapishwa gazetini. Houston akamwandikia kumuuliza kama maneno yale ni yake. Stanbery akakataa kumjibu, akaanza kutembea na bastola.

Usiku wa 13 Aprili 1832 wakakutana barabara ya Pennsylvania. Houston alikuwa na fimbo ya mti mgumu wa hickory aliyoikata shambani kwa Jackson. Akamcharaza. Stanbery akiwa chini akachomoa bastola, akaiweka kifuani mwa Houston, akavuta. Cheche zikaruka, baruti isiwake. Houston akamnyang'anya, akaendelea na fimbo.

Bunge likaamuru akamatwe kwa kumshambulia mbunge kwa maneno aliyoyasema bungeni. Kesi ikasikilizwa humo humo bungeni karibu mwezi mzima. Wakili wake alikuwa Francis Scott Key, huyo huyo aliyeandika maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani. Jackson alipoona nguo za mtu wake zilivyochakaa akampa fedha akashone suti. Na mwisho Houston akasimama mwenyewe kujitetea, ukumbi umefurika mpaka roshani. Hoja yake kwa ufupi: mbunge ana kinga ya kusema, lakini akichukua maneno yale akayatangaza kwa nchi nzima kumchafua raia asiye na kiti humo ndani, raia huyo afungue mlango upi?

Wakamtia hatiani kwa kura 106 dhidi ya 89. Adhabu: Spika Andrew Stevenson amkaripie. Spika akamkaripia kwa upole ambao ulikaribia sifa. Stanbery akaenda mahakama ya kawaida, Houston akatozwa faini ya dola 500, na Jackson baadaye akaifuta.

Mwenyewe alikuja kusema kwamba wakati ule alikuwa anakufa taratibu. Wangempeleka kwa hakimu mdogo akatozwa dola 10 ndiyo ungekuwa mwisho wake, lakini walimpa jukwaa la taifa zima, wakamfufua.

Wakili_Dodoma

Hapa nimekaa sawa. Kwanza, Bunge ndilo mlalamikaji, ndilo shahidi, ndilo jaji. Haki ya asili iko wapi? Pili, fimbo ile na mvua ile ya mapigo, kisha utetezi unasema hasira za ghafla? Alimwandikia barua kabla! Ningekuwa upande wa mashtaka barua hiyo ingekuwa kielelezo namba moja. Tatu, suala la kinga ya mbunge halijazeeka. Mabunge mengi mpaka leo mtu anachafuliwa na mwenye kipaza sauti, na hana pa kwenda.

Msomi wa Kijiweni

Ndiyo ujue Key alikuwa na kazi. Alishikilia kwamba walikutana kwa bahati.

Desemba ya mwaka ule ule Houston akavuka mto Red kuingia Texas, ambayo ilikuwa Mexico. Akaweka ofisi ya uwakili Nacogdoches. Sheria ya Mexico ilitaka mlowezi awe Mkatoliki, akabatizwa. Texas ya wakati ule ilikuwa imejaa Wamarekani waliokuja kwa ardhi ya bei ya kutupa, na ugomvi na serikali ya Mexico ulikuwa umeiva.

Vita naviendea mbio. 2 Machi 1836, siku yake ya kutimiza miaka 43, akatia sahihi tangazo la uhuru wa Texas. Ngome ya Alamo ikaanguka 6 Machi, na 27 Machi mateka wa Kitexas huko Goliad wakauawa kwa amri ya Santa Anna, rais wa Mexico. Houston, kamanda mkuu, akarudi nyuma kwa wiki kadhaa, akiwa na jeshi la watu wasiojua hata kupanga mstari, huku familia za walowezi zikikimbia mvuani. Wakamwita mwoga. Rais wa muda wa Texas, David Burnet, akamwandikia kwamba adui anamcheka. Alasiri ya 21 Aprili, pale San Jacinto, Wamexico wakiwa wamepumzika bila walinzi wa maana, watu kama 900 wakawavamia watu kama 1,300. Dakika 18. Wamexico wapatao 630 walikufa, upande wa Texas 9. Wengi wa wale 630 waliuawa vita vikiwa vimekwisha, wamepiga magoti tayari, na Houston akiwa na kifundo kilichosagwa na risasi akashindwa kuwazuia watu wake. Hilo vitabu vya sifa hulipitia harakaharaka.

Kesho yake Santa Anna akakamatwa kavaa nguo za askari wa kawaida. Jeshi zima likataka anyongwe. Houston akakataa. Kichwa cha wakili hicho: rais aliye hai anaweza kutia sahihi, aliyenyongwa hawezi.

Septemba 1836 akachaguliwa rais wa Jamhuri ya Texas, akarudi tena 1841 hadi 1844. Mwaka huo huo wa 1836 ndugu wawili wafanyabiashara wa ardhi, akina Allen, wakaanzisha mji kwenye tope la Buffalo Bayou na kuupa jina lake ili uuzike. Ukauzika.

Kibogoyo wa Ujiji

Mkuu nimekusikiliza kwa adabu, sasa ngoja niweke mchanga kwenye pilau. Umesema "ugomvi na serikali ya Mexico" kama vile waligombania kisima. Rais wa Mexico Vicente Guerrero, mtu mwenye damu ya Kiafrika, alitoa amri ya kufuta utumwa Septemba 1829. Walowezi wa Texas walipiga kelele mpaka wakaachwa nje ya amri ile. Halafu 1836 wanapata "uhuru" na katiba yao inasema bunge halina uwezo wa kuwaacha huru watumwa, na Mweusi aliye huru haruhusiwi kuishi nchini bila ruhusa ya bunge. Huo uhuru wa nani? Na rais wa kwanza aliyechaguliwa chini ya katiba hiyo ni shujaa wako.

MtuWaTexas

Nipo Houston hapa. Kibogoyo kasema kweli tupu. Ukitoka mjini kwenda Dallas, pale Huntsville kuna sanamu lake jeupe la futi 67 pembeni ya barabara kuu, unaliona kabla hujaona mji. Watoto wa shule wanafundishwa San Jacinto. Habari ya Guerrero mwanangu ameisikia kwangu.

Msomi wa Kijiweni

Kibogoyo, mchanga huo ni halali, sitauchambua nje. Utumwa haukuwa sababu pekee ya vita vile, maana Santa Anna alikuwa amevunja katiba ya 1824 na majimbo mengine ya Mexico nayo yaliasi, lakini ulikuwa ndani ya sababu, na katiba ya 1836 haiachi nafasi ya kubisha. Houston mwenyewe alimiliki watu. Siyo wengi kama wenye mashamba makubwa, lakini binadamu hana kipimo cha uchache kwenye hilo.

Naongeza la kwangu. Februari 1836 alisaini mkataba na Wacherokee wa mashariki mwa Texas, wa chifu Duwali, kuwahakikishia ardhi yao. Kwa mkataba ule Wacherokee walitulia vita vikipiganwa. Vita vikaisha, Seneti ya Texas ikaubatilisha mwaka 1837, Houston akiwa rais na akipinga. Aliyemfuata, Mirabeau Lamar, akawafukuza kwa bunduki, na Julai 1839 Duwali, mzee wa zaidi ya miaka 80, akauawa vitani. Houston akasimama hadharani kumlilia na kuwashutumu waliomuua, mbele ya wapiga kura waliokuwa wakishangilia.

binti_Pangani

Na ulevi uliisha lini?

Msomi wa Kijiweni

Alipomwoa Margaret Lea, Mei 1840, Marion, Alabama. Yeye 47, bibi 21. Ndugu za bibi walikuwa na mashaka, na ukizingatia rekodi huwezi kuwalaumu. Margaret alikuwa Mbaptisti wa kweli kweli. Akamtoa kwenye chupa, wakazaa watoto wanane, na Novemba 1854 mzee akabatizwa kijitoni karibu na Independence, Texas. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa dhambi zake zimeoshwa, alisema Mungu awasaidie samaki wa chini huko.

Sasa twende kwenye kura.

Texas iliingia Marekani 29 Desemba 1845, na Houston akawa seneta tangu 1846. Ndani ya Seneti alikuwa kituko: kizibao cha ngozi ya chui, na kisu mkononi akichonga vijiti vya mbao wenzake wakihutubia. Ukimwona hivyo utadhani hasikilizi. Februari 1850 alisema kwamba taifa lililogawanyika dhidi ya lenyewe haliwezi kusimama. Lincoln alitoa ile hotuba yake maarufu ya nyumba iliyogawanyika mwaka 1858.

Mwaka 1854 ukaja mswada wa Kansas na Nebraska wa Stephen Douglas. Tangu 1820 kulikuwa na mapatano kwamba kaskazini ya mstari fulani, kwenye ardhi mpya, utumwa hauruhusiwi. Mswada ukafuta mstari: walowezi wa kila eneo wajipigie kura wenyewe. Kusini nzima, yaani majimbo yenye utumwa, ikashangilia. Kati ya maseneta wa Kusini, waliopiga kura ya hapana walikuwa wawili tu, John Bell wa Tennessee na Sam Houston wa Texas. Hoja zake mbili: mapatano ni mapatano, na ardhi hiyo mnayoigawa ina mikataba na Waindiani mliyoisaini wenyewe. Aliwaonya kwamba wanaamsha ugomvi usiozimika. Kansas ikaanza kumwaga damu mwaka uliofuata.

Bunge la Texas likamlaani, na mapema, muhula wake haujaisha, likamchagua mtu mwingine wa kushika kiti chake. 1857 akagombea ugavana akashindwa na Hardin Runnels. 1859 akamrudia Runnels huyo huyo akamshinda. Hapo akawa mtu pekee aliyechaguliwa na wananchi kuwa gavana wa majimbo mawili ya Marekani.

Lincoln akashinda urais Novemba 1860. Mkutano wa Texas kujitenga na Marekani ukakaa Austin, 1 Februari 1861 ukapiga kura 166 kwa 8 kuondoka. Wananchi wakaulizwa 23 Februari, nao wakakubali kwa zaidi ya watatu kwa mmoja. Houston akatoa hoja ambayo wanasheria mtaipenda: wananchi wameulizwa kuhusu kutoka, wamejibu. Hawakuulizwa kuhusu kuingia Shirikisho la Kusini, nchi mpya ya majimbo yaliyojitenga. Basi Texas imerudi kuwa jamhuri kama 1836, na mkutano wenu kazi yake imekwisha, hamna mamlaka ya kunipa kiapo.

Tarehe 16 Machi 1861 wakamwita akale kiapo cha utii kwa Shirikisho. Jina likaitwa mara tatu ukumbini. Mzee alikuwa chini, ghorofa ya chini ya jengo lile lile, ameketi anachonga kijiti. Hakupanda. Wakatangaza kiti kiko wazi, naibu wake Edward Clark akaapa.

Lincoln alimpelekea ujumbe wa kumpa askari abaki madarakani kwa nguvu. Akawaita marafiki wachache, akawasomea, akawataka ushauri, kisha akaitupa barua motoni. Alisema hatamwaga damu ya Texas kwa ajili ya kukalia kiti.

Wakili_Dodoma

Hoja ya kutoka si kuingia ni safi mno. Swali lililoulizwa ndilo lililojibiwa. Mahakama huru ingempa.

Kibogoyo wa Ujiji

Mahakama huru ingewauliza kwanza wale watumwa wake kama wao wametoka au wameingia. Mkuu, hapa ndipo tunapoachana. Alipigania Muungano usivunjike, sawa. Lakini katika Muungano ule aliotaka ubaki, utumwa ulikuwa unabaki nao. Alipiga kura ya hapana 1854 kwa sababu mapatano yanavunjwa na vita vinakuja, siyo kwa sababu mtu kuuzwa ni uovu. Usimpake rangi ambayo hakujipaka.

Msomi wa Kijiweni

Sijasema alipinga utumwa. Nimesema alipiga kura moja na kukataa kiapo kimoja akijua bei yake, na akailipa. Wangapi kati ya maseneta wa Kusini waliilipa? Wawili. Kwa hilo simtoi.

Bei nyingine ilikuwa nyumbani. Vita vya Kaskazini na Kusini vilipozuka, mwanawe Sam mdogo alijiunga na jeshi la Kusini, akajeruhiwa katika mapigano ya Shiloh Aprili 1862 na kuachwa uwanjani akidhaniwa maiti, akaishia kambi ya mateka. Alirudi nyumbani hai. Mzee alifariki 26 Julai 1863 Huntsville, kwenye nyumba ya kupanga yenye umbo la meli ya mvuke, wiki tatu baada ya Vicksburg, ngome ya Kusini, kuanguka, na aliyoyatabiri yakiwa yanatimia moja moja. Familia inasema maneno ya mwisho yalikuwa jina la Texas na la Margaret.

binti_Pangani

Watumwa wake waliishia wapi? Hao ndio nataka.

MtuWaTexas

Dada, hapo niachie. Mtafute Joshua Houston. Alizaliwa utumwani Alabama, akaja Texas kama mali ya Margaret. Fundi chuma na dereva wa gari la farasi, akajua kusoma. Bwana alimruhusu kufanya kazi kwa watu wengine na kubaki na ujira. Mzee alipokufa Margaret akabaki hana kitu, na Joshua akamletea akiba yake yote, zaidi ya dola elfu mbili. Mama akakataa, akamwambia asomeshe watoto wake. Baada ya ukombozi Joshua akanunua ardhi Huntsville, akawa diwani 1867, kisha akachaguliwa kamishna wa kaunti ya Walker, na 1888 akahudhuria mkutano mkuu wa chama cha Republican kama mjumbe. Mwanawe, Samuel Walker Houston, alianzisha shule ya watoto Weusi karibu na Huntsville.

Wanaosimulia kwamba Sam Houston aliwaacha huru watumwa wake kabla ya kufa wanategemea masimulizi ya mmoja wao, Jeff Hamilton, aliyenunuliwa akiwa mtoto mwaka 1853. Orodha ya mirathi ya 1863 bado inawahesabu pamoja na mifugo.

Kibogoyo wa Ujiji

Basi uzi wenye kichwa sahihi ni wa huyo Joshua. Naye alikuwa mwanasiasa wa mipakani, na hakumpiga mbunge fimbo.

Msomi wa Kijiweni

Uanzishe Kibogoyo, nitakuja na mkeka wangu. Ila ukifika 1888 ueleze pia jinsi Texas ilivyowanyang'anya watu kama yeye kura miaka iliyofuata, usiishie kwenye ujumbe wa mkutano.

Chapati Maji

Mimi nipo hapahapa. Mkeka sijaukunja.